Pikipiki, Katriji na Foleni ya Malaba

Mwishoni mwa Januari 2020 mwanafunzi aliyetoka Wuhan alitua Nairobi akiwa na dalili za mafua. Alitengwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akachukuliwa sampuli, na sampuli hiyo ikapandishwa ndege kwenda Afrika Kusini, kwa kuwa Kenya haikuwa bado na kipimo cha kirusi kipya cha korona, wala majirani zake hawakuwa nacho. Jibu lilirudi baada ya siku chache: hana. Katika bara zima maabara zilizoweza kutoa jibu la namna hiyo zilikuwa mbili tu, moja Dakar na nyingine Johannesburg. Kufikia mwisho wa Februari nchi zaidi ya 40 za Afrika ziliweza. Masimulizi mengi ya miaka ile huanzia kwenye maabara zilizolemewa, na kweli zililemewa, kama zilivyolemewa za Milano na New York. Mimi naona la kuchunguza zaidi ni wiki zile nne: kilitokea nini hata nchi 40 zikaweza jambo ambalo mwezi mmoja nyuma lilihitaji tiketi ya ndege?

Jibu la haraka ni mafunzo. Mwanzoni mwa Februari Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, pamoja na Taasisi ya Pasteur ya Dakar, waliwakusanya wataalamu wa maabara kutoka nchi zipatazo 15, wakawaonyesha kipimo, wakawarudisha makwao na vitendanishi vya kuanzia. Kipimo chenyewe kilikuwa kimeandaliwa Januari hiyohiyo mjini Berlin, katika hospitali ya Charité, na kundi la Christian Drosten, siku chache tu baada ya wanasayansi wa China kutangaza mpangilio wa vinasaba vya kirusi. Yote hayo ni kweli, ila hayatoshi kuwa maelezo. Hakuna anayejifunza PCR, njia ya kuzidisha vinasaba hadi vionekane, kwa siku mbili tatu. Waliokwenda Dakar walikuwa wameshazoea kuchuja chembe za urithi za virusi kutoka kwenye ute wa pua, kwa sababu tangu hofu ya mafua ya ndege ya mwaka 2005 na mafua ya nguruwe ya 2009 nchi zao zilikuwa na vituo vya kufuatilia mafua. Wenzao waliobaki nyumbani walikuwa wakipima VVU kwa watoto wachanga kwa njia hiyohiyo ya PCR, maelfu kwa mwaka. Walikuwa kama mpishi wa pilau anayekabidhiwa viungo vya biriani: jiko ni lile, sufuria ni ile, mkono ni uleule. Ndiyo maana nashikilia kwamba maabara za ukanda wetu ziliokolewa na mambo ya kila siku yaliyotangulia janga, tena mengi yake ya kuchosha kuyasimulia. Nashikilia pia kwamba wokovu huo ulilipiwa na wagonjwa wengine ambao hawakuhesabiwa katika taarifa za kila jioni.

Machi ilipofika kilichokatika kilikuwa njia ya mizigo. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 13, Rwanda siku iliyofuata, Tanzania Machi 16, Uganda Machi 21. Katika wiki hizohizo ndege za abiria, ambazo ndizo zinazobeba vitendanishi vingi matumboni mwao, zilikuwa zikitua na kubaki chini. Kenya Airways ilisimamisha safari za kimataifa Machi 25. Hata ndege zingeendelea kuruka, bidhaa yenyewe ilikuwa haba. Vijiti maalumu vya kuchukulia sampuli puani vilitoka kwa sehemu kubwa kwenye makampuni mawili, Copan ya Brescia, kaskazini mwa Italia, na Puritan ya jimbo la Maine, Marekani. Brescia ilikuwa katikati ya eneo la Ulaya lililopigwa kwanza na kupigwa vibaya, na Machi hiyo Marekani ilituma ndege za jeshi lake kubeba vijiti kutoka Italia. Maabara ya Kigali au ya Kinshasa haina ndege za jeshi za kutuma, hungoja. Machi 22 msaada wa taasisi ya Jack Ma ulitua Addis Ababa: vipimo zaidi ya milioni 1, vikagawanywa 20,000 kwa kila nchi, Nigeria yenye watu zaidi ya milioni 200 ikapata sawa na Shelisheli yenye watu kama laki moja. Zawadi haichaguliwi, lakini mgawo ule ulionyesha wazi kwamba bara lilikuwa likiishi kwa kupokea.

Hapo ndipo ufundi wa kawaida ulipoanza kuonekana. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, kilichokuwa kikichunguza malaria na nimonia za watoto tangu 1989, kiligeuzwa kuwa maabara ya kupimia UVIKO-19 kwa kaunti sita za Pwani, kutoka Lamu hadi Kwale na Taita Taveta. Hakikutumia kipimo kimoja. Kilitumia njia ya Berlin, kikatumia seti za makampuni kadhaa ya China, kikatumia chochote kilichofika. Msomaji asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kubadili seti ni sawa na kubadili chapa ya sabuni. Kila seti hulenga sehemu tofauti ya kirusi, ina mpaka wake wa kuamua kwamba sampuli hii inacho na ile haina, na hukubali mashine fulani na kukataa nyingine. Kabla ya kuitumia kwa mgonjwa ni lazima uijaribu kwa sampuli unazozijua, uandike upya utaratibu wa kazi, na uwafundishe upya watu wa zamu ya usiku. Maabara yenye wataalamu wa miaka mingi na majokofu yaliyojaa sampuli za kulinganishia hulimudu hilo kwa siku chache. Maabara iliyofunguliwa jana, hata ikiwa na mashine inayong'aa, hubaki na masanduku yasiyofunguliwa.

Kilifi ilifanya pia jambo la pili ambalo nalithamini zaidi. Vipimo vilikuwa vichache mno kuweza kuhesabu walioambukizwa, kwa hiyo watafiti wake walichukua masalio ya damu iliyotolewa kwa hiari katika vituo vya kuchangia damu vya Kenya kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, sampuli zaidi ya 3,000, wakatafuta kingamwili. Makadirio yao, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, yalikuwa kwamba kama asilimia 4 ya Wakenya walikuwa wameshapitiwa na kirusi, wakati hesabu rasmi ya wagonjwa ilikuwa bado ya maelfu machache tu. Wala hapakujengwa kitu kipya ili kulijua hilo. Damu ilikuwa ikikusanywa kwa ajili ya akina mama wanaojifungua na watoto wenye malaria. Kilichoongezwa ni swali.

Rwanda nayo iliukabili uhaba kwa hesabu. Wazo la kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima kwa pamoja ni la zamani: Robert Dorfman alilipendekeza mwaka 1943 kwa ajili ya kupima kaswende kwa askari wa Marekani. Wilfred Ndifon wa taasisi ya hisabati ya AIMS na wenzake wa Kigali walilipeleka mbele. Chukua sampuli 27, uzipange kichwani mwako kama mchemraba wenye tatu kwa urefu, tatu kwa upana na tatu kwa kimo. Kata mchemraba vipande vitatu kwa kila upande, changanya sampuli tisa za kila kipande, na utapata michanganyiko tisa. Akiwepo mgonjwa mmoja kati ya 27, michanganyiko mitatu itaonyesha virusi, na pale vipande hivyo vitatu vinapokutana ndipo alipo. Umetumia vipimo tisa badala ya 27. Njia hii hufaa maambukizi yakiwa machache. Yakizidi, kila mchanganyiko huwa na virusi na unarudi mwanzo. Tena hudai kitu ambacho hakiandikwi kwenye fomula, nacho ni karani wa sampuli asiyekosea namba hata moja saa nane za usiku.

Uganda ilikuwa na mtaji wa aina nyingine. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller ili kuchunguza homa ya manjano, na kutoka kwenye kazi hiyo kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947. Sifa hizo za kisayansi husimuliwa sana. Hazisimuliwi sana pikipiki. Hadi karibu mwaka 2010 kila zahanati ya Uganda ilijitafutia njia ya kufikisha sampuli mjini, kwa gari la wilaya likipatikana, kwa basi lisipopatikana, na tone la damu ya mtoto lililokaushwa kwenye karatasi liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri safari. Mpango ulioanza wakati huo uliweka vituo vya kukusanyia sampuli ambavyo baadaye vilikaribia 100, kila kimoja kikiwa na mwendesha pikipiki anayezungukia zahanati za jirani kwa siku maalumu za wiki. Kutoka vituoni vifurushi vilikwenda Kampala kwa huduma ya posta. Ulianza kwa ajili ya VVU vya watoto wachanga, ukaongezewa kipimo cha wingi wa virusi kwa watu wazima, kisha makohozi ya kifua kikuu. Serikali iliposimamisha usafiri wa umma mwishoni mwa Machi 2020, sampuli za UVIKO-19 zilipata njia iliyokwisha kulimwa, yenye ratiba, fomu na watu wanaojua kisanduku cha baridi hakiachwi juani.

Hata hivyo njia hiyo haikuundwa kwa ajili ya mpaka. Kuanzia Aprili madereva wa malori ndio waliokuwa wakivuka wakati wengine wote wamefungiwa, na maabara ikageuka lango la biashara ya ukanda mzima. Mwanzoni Uganda iliwachukua madereva sampuli na kuwaruhusu waendelee na safari. Majibu yalipotoka, ikabidi baadhi yao watafutwe njiani au katika miji waliyokwisha kulala. Utaratibu ukabadilishwa: hakuna kuingia kabla ya majibu. Ikiwa sampuli inachukuliwa Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na kupimwa Entebbe, mbali na mpaka huo, basi kila saa ya maabara inaongeza lori kwenye foleni. Mei ile foleni upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita, madereva wakilala chini ya matela. Nafuu ilikuja maabara ziliposogezwa mpakani, na hapo tena kilichosaidia kilikuwa kimeagizwa kwa ajili ya jambo jingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na mradi uliofadhiliwa na Ujerumani wa maabara tisa tembezi, ulioanza mwaka 2017 kwa kuhofia Ebola na homa za jamii yake. Magari hayo yaligawanywa mwaka 2020, mawili mawili kwa Kenya, Uganda na Tanzania, moja moja kwa Rwanda, Burundi na Sudan Kusini.

Namanga, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, palikuwa na tatizo ambalo gari haliwezi kulitatua. Mei 2020 madereva waliopimwa upande wa Kenya na kuambiwa wana virusi walipimwa tena upande wa Tanzania, na majibu yakatofautiana. Maabara mbili zikipingana, nani aaminiwe? Mapema mwezi huohuo, Mei 3, Rais John Magufuli alikuwa amelitangazia taifa kwamba sampuli za papai na za mbuzi, zikiwa zimepewa majina ya watu, zilipelekwa kwenye maabara ya taifa na baadhi zikarudi na jibu la kuwa na virusi. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi, na hesabu ya taifa ikakoma kwenye wagonjwa 509. Wengi nje ya Tanzania walicheka. Sioni sababu ya kucheka, kwa maana swali lenyewe lilikuwa halali: kupeleka sampuli za siri ni mojawapo ya njia ambazo wakaguzi wa ubora hutumia kila mwaka. PCR huchafuka kwa urahisi. Tone lisiloonekana kutoka kwenye sampuli yenye virusi vingi huweza kuitia doa safu nzima. Februari 2020 jambo hilo liliwapata Wamarekani wenyewe. Seti za vipimo zilizotengenezwa na CDC mjini Atlanta, taasisi yenye fedha kuliko wizara nyingi za afya duniani, zilionyesha virusi hata kwenye maji matupu, na nchi ile ikapoteza wiki kadhaa.

Tofauti ni jinsi kosa lilivyobainika na lilivyoshughulikiwa baada ya hapo. La Atlanta liligunduliwa na maabara za majimbo, ambazo kwa desturi hazitumii seti mpya kabla ya kuijaribu kwa maji yasiyo na kitu. Vipo pia vipimo ambavyo hutafuta ndani ya kila sampuli kinasaba cha binadamu, ili kuhakikisha kwamba kijiti kiligusa pua ya mtu. Papai lingeumbuka hapo. Mambo haya ndiyo yaliyokusudiwa na Azimio la Maputo la Januari 2008 kuhusu kuimarisha maabara za Afrika, na mpango wa mafunzo ya usimamizi uliozinduliwa Kigali mwaka 2009: daftari la joto la jokofu, sampuli za siri kutoka nje, kumbukumbu ya nani alipima nini. Shaka juu ya maabara hujibiwa kwa kupima upya mbele ya jopo na kutoa matokeo hadharani. Hesabu zikikoma, aliyekuwa na shaka na asiyekuwa nayo wote hubaki bila jibu.

Kongo ilikuwa na mtihani mkubwa kuliko wote. Taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1984 na kuongozwa kwa miaka mingi na Profesa Jean-Jacques Muyembe, iliingia mwaka 2020 ikiwa na surua iliyokwisha kuua watu zaidi ya 6,000, na Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa kwisha Juni 25, 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kabla haijatangazwa kwisha, Juni 1, Ebola nyingine ikazuka Équateur, upande wa pili wa nchi. Kilichowezesha kupima Ebola huko Beni na Butembo kilikuwa GeneXpert, mashine inayopokea sampuli ndani ya katriji na kumaliza kazi yenyewe, bila chumba maalumu cha PCR. Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha Desemba 2010 kwa ajili ya kifua kikuu. Badili katriji, na mashine ileile hupima VVU, au Ebola, na kuanzia Machi 2020, UVIKO-19 kwa muda wa chini ya saa moja. Kwa waziri wa afya ilionekana neema tupu: mashine zilikuwa zimeshatapakaa hadi wilayani.

Lakini mashine yenye vyumba vinne vya katriji ina vyumba vinne tu. Saa inayotumiwa na dereva wa lori haitumiwi na mkohozi wa kijijini, na kiwanda cha katriji ni cha kampuni moja. Dunia nzima, waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu na kuandikishwa walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na vifo vya ugonjwa huo vikapanda kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka kumi. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba si maabara iliyosababisha: watu walifungiwa, nauli zilipanda, na mtu mwenye kikohozi aliogopa kwenda hospitali asije akawekwa karantini. Nakubali kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ni makohozi ambayo hayakufika maabara kabisa. Hata hivyo yaliyofika yalikuta foleni, na aliyepanga foleni hiyo hakuulizwa hesabu. Wepesi tuliousifu wa kuhamisha mashine na watu ni ukopaji. Anayekopwa ni mgonjwa wa kifua kikuu, na sijaona nchi iliyotenga fungu la kumlipa.

Pingamizi jingine ni zito zaidi. Ikiwa Kilifi ilionyesha kwamba vipimo viliona sehemu ndogo sana ya maambukizi, vilikuwa na faida gani? Kwa kuhesabu wagonjwa, faida ndogo. Ila maabara ile ile iliyopima pua ndiyo iliyohifadhi sampuli ambazo baadaye zilisomwa vinasaba, zikaonyesha aina mpya za kirusi zikiingia Pwani moja baada ya nyingine. Na kuna jambo la uzoefu. Septemba 2022 Entebbe ilithibitisha Ebola ya aina ya Sudan kutoka Mubende, na maabara tembezi ikapelekwa hukohuko. Machi 2023 Tanzania ilithibitisha na kutangaza Marburg katika mkoa wa Kagera, mara ya kwanza katika historia yake, kwa maabara yake yenyewe. Marburg iliporudi Kagera, sampuli zilipimwa kwanza katika maabara tembezi ya Kabaile ndani ya mkoa huo, na Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza matokeo.

Siku hiyohiyo, Washington, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Hapa wanaonipinga wana nguvu kweli, kwa maana hayo mambo ya kila siku niliyoyasifu, mafuta ya pikipiki, mishahara ya wasafirisha sampuli, katriji, yalilipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani za VVU. Wapo wanaosema miradi ya ugonjwa mmoja mmoja ilizipotosha wizara zetu, ikajenga kile wafadhili walichotaka. Huenda. Lakini njia iliyolimwa kwa ajili ya VVU ilipitisha kila kitu kilichokuja baada yake, na kuifunga kwa sababu ya asili ya fedha zake kungekuwa hasara juu ya hasara. Kinachodaiwa ni kuihamishia kwenye bajeti za ndani ikiwa bado inapitika, kazi isiyo na utepe wa kukata, na kwa hiyo isiyo na waziri anayeikimbilia.

Wiki ya mwisho ya Januari 2025 vita viliingia Goma, mashariki mwa Kongo. INRB ina maabara huko, yenye watu waliopitia Ebola, UVIKO-19 na mpox, yenye ratiba na daftari na kila kitu nilichokitaja kuwa wokovu wa maabara. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ililazimika kuziomba pande zinazopigana ziilinde, kwa kuwa ilikuwa na sampuli za vimelea hatari, Ebola ikiwemo. Uzoefu wote huo haukuweza kuwasha umeme uliokatwa na vita, na kwa tatizo hilo hoja yangu haina la kusema.